Jirani Alinunua Mashine kwa Neno Langu, Akapata Vifaranga Tisa

Mama, habari za Nakuru?

Mimi ni mwalimu niliyehitimu, lakini TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, bado haijaniita. Nafundisha shule ya kibinafsi karibu na Luanda, Kaunti ya Vihiga, na usiku naandika blogu ya ufugaji wa kuku wa kienyeji. Huu ni mwaka wa pili. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wafugaji ninaowajua hawachoki kukisoma.

Ndani yake nimeweka linki za maduka matatu ya mtandaoni: moja la Marekani na mawili yanayouza hapa Kenya. Mtu akipitia linki yangu akanunua, duka linanipa kamisheni. Nina makala 71. Nyingi ni za "Mashine 10 Bora za Kuangulia Mayai" au "Vyombo 7 Bora vya Maji ya Kuku". Nitasema kweli: nilizitoa kwenye tovuti za Kiingereza, nikazipitisha kwenye programu ya kutafsiri, nikanyoosha lugha kidogo na kubadilisha picha. Wasomaji hufika kama elfu tatu kwa mwezi. Lakini kwa miezi mitatu iliyopita nimepata shilingi 1,860 kwa jumla. Bando peke yake limekula zaidi ya hizo.

Hilo ningelivumilia. Kilichoninyima usingizi ni jirani yangu, mama ambaye wanawe wawili nimewafundisha. Alisoma makala yangu, akampigia simu kijana wake aliye Nairobi, naye akamnunulia ile mashine ya mayai 56 niliyokuwa nimeiweka namba moja. Ililetwa na boda boda kutoka stendi, nami nilikuwepo boksi likifunguliwa. Siku ya 21 ikapita, ya 22, ya 23. Vifaranga tisa. Jioni alikuja kwangu na mayai yaliyobaki ndani ya kikapu, akaniuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Mashine hiyo nami niliiona kwa macho siku ile ile aliyoiona yeye. Na kamisheni yake haikuingia hata senti moja, sijui kwa nini.

Mume wangu anasema niache hii kazi nifanye tuisheni. Rafiki yangu anasema niandike makala mbili kila siku, tena kwa Kiingereza. Mwingine anasema nilipie matangazo. Kuacha sitaki, lakini sijui niongeze nini.

Mwalimu wa Kuku, Luanda


Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye hicho kikapu. Pesa unazozitafuta zimo humo ndani, na si maneno ya kukufariji.

Usiongeze makala. Mwezi huu usiandike hata moja mpaka uwe umekaa na mama huyo kando ya mashine yake. Kwanza mwombe radhi, maana alinunua kwa neno lako na neno lenyewe hukulijua. Kisha muombe ruhusa mrudie pamoja, wewe ukiandika kila kitu kwenye daftari, jina lake ukiliacha nje kama hataki litajwe. Una bahati moja ambayo wenye zile tovuti ulizotafsiri hawana: mashine wanayoisifu inanguruma nyumba ya pili kutoka kwako.

Kama mayai ya kikapuni bado yapo, yavunjie nje, polepole, kwa sababu yaliyooza hupasuka. Yapange mafungu. Lile lenye kiini safi bila uzi wowote wa damu halikuwa na mbegu ya jogoo, au lilikaa sana kabla ya kuwekwa. Yai likishapita wiki moja nguvu yake hupungua kila siku. Lenye pete ya damu lilianza likafa siku za mwanzo, mara nyingi kwa joto lililozidi au kwa kutikiswa sana njiani. Ukikuta kifaranga kamili, mwenye manyoya, aliyeshindwa kutoboa, basi angalia siku tatu za mwisho: unyevu, hewa, stima, na ni mara ngapi kifuniko kilifunguliwa kuchungulia. Hesabu kila fungu uandike idadi. Mayai 47 yaliyobaki yakigawanyika, tuseme, thelathini safi na kumi na saba ya aina nyingine, utajua kosa kubwa liko kwenye mayai yaliyonunuliwa kuliko kwenye mashine. Yakiwa mengi ni ya vifaranga waliokomaa wakafia ndani, mashine au umeme una kesi ya kujibu. Tazama ulivyo mbali tayari na "Mashine 10 Bora".

Kisha muanze upya. Nunueni mayai kwa mtu ambaye jogoo wake mmemwona akitembea na matetea, yasiyozidi siku saba. Mashine yenye feni inatakiwa kukaa nyuzi 37.5. Usiiamini namba inayowaka juu ya kifuniko. Ingiza kipimajoto kingine ndani, kile cha kioo cha chemisti kinatosha kama kinasoma sawa, uone vinapishana kwa kiasi gani. Mashine ndogo nyingi hudanganya kwa nusu nyuzi au nyuzi nzima, na nyuzi moja kwa siku 21 si jambo dogo kwa yai. Siku ya saba mulikeni kwa tochi gizani, myatoe yasiyo na mishipa. Siku ya 18 acheni kuyageuza, ongezeni maji ili unyevu upande kutoka kwenye hamsini na kitu hadi sitini na tano au sabini kwa mia, na kifuniko kisiguswe tena.

Halafu stima. Hapa ndipo nataka ukae sana, kwa sababu hakuna mwandishi wa Ulaya atakayekusaidia. Andika kila mara inapopotea: saa ngapi ilienda, saa ngapi ilirudi, joto ndani lilishuka mpaka wapi. Mlifanya nini? Mlifunika blanketi mkaacha matundu ya hewa wazi? Mliweka chupa za maji moto? Je, ilisaidia? Na tokeni: soma mita asubuhi na jioni, siku moja mashine ikiwa imezimwa kabla ya kuanza, na siku kadhaa ikiwa imewashwa. Tofauti hiyo, kwa yuniti na kwa shilingi, mara siku 21, ndiyo namba ambayo mfugaji wa Bungoma au Siaya anaitafuta usiku wa manane akiwa na pesa kwenye M-Pesa na kidole juu ya kitufe. Wati zilizochapishwa kwenye boksi hazimwambii hilo.

Sasa nieleze kwa nini hii ndiyo inayolipa. Wasomaji wako elfu tatu si wa aina moja. Yuko anayeuliza kuku wa kienyeji huanza kutaga akiwa na miezi mingapi. Huyo hanunui kitu leo, na hata ukimwekea linki ishirini atazipita. Mwingine ameshaamua kununua mashine, amebakiza woga mmoja au miwili: stima ikikatika itakuwaje, fyuzi ikiungua nitapata wapi nyingine hapa Kisumu, mayai 56 maana yake ni ya kuku au ya kwale? (Hilo la mwisho uliza kwa dhati, maana namba ya kwenye boksi wakati mwingine huhesabu mayai madogo.) Ukiuondoa woga huo kwa jambo uliloliona, atabonyeza linki iliyo mbele yake. Watu hamsini wa namna hiyo watakupa zaidi ya elfu tatu wa namna ile nyingine. Kwa hiyo usilipie matangazo. Utakuwa unalipa kuwaleta watu kwenye chumba kisicho na kitu.

Niliyajua haya kwa kuchelewa. Hapa Kiamunyi niliandika miaka kadhaa kuhusu vifaa vya shamba, na mimi pia nilianza na orodha. Kisha nikanunua pampu ya mgongoni ya lita 16 kunyunyizia viazi vya dada yangu kule Molo. Wiki ya tatu mpira wa mpini ukaanza kuvuja, dawa ikanichuruzika mgongoni mpaka kiunoni. Nilikasirika. Nikashuka mjini, nikazunguka maduka manne kabla ya kupata mpira wa saizi ile, nikaubadilisha mwenyewe jikoni nikipiga picha kila hatua. Nikaandika yote: unavuja lini, unaomba saizi gani dukani, na kwamba pampu yenyewe baada ya hapo ilifanya kazi misimu miwili bila shida. Niliogopa nimeiua bidhaa. Makala hiyo ikauza pampu nyingi kuliko makala zangu nyingine zote zikijumlishwa, na watu walinunua na mipira miwili ya akiba. Walioniandikia walisema jambo moja: sasa tunajua tunachokinunua.

Kwa hiyo kasoro ya mashine ya jirani yako iandike waziwazi. Ukigundua haifai kabisa, iandike hivyo pia, toa linki, na uwaambie wasomaji kwamba wewe mwenyewe uliiweka namba moja bila kuiona. Utapoteza kamisheni za mashine hiyo. Lakini maduka mengi hufuta kamisheni bidhaa ikirudishwa, kwa hiyo mashine mbaya haikulipi hata unapoiuza.

Kuhusu kamisheni iliyopotea, hukuibiwa. Mtu akibonyeza linki yako, duka huacha alama ndogo, kidakuzi, kwenye kivinjari cha simu aliyobonyezea. Akinunua kwa simu hiyo kabla alama haijaisha muda, mauzo yanaandikwa kwa jina lako. Mama alisoma kwa simu yake. Kijana akanunua kwa simu yake mwenyewe Nairobi. Alama ilibaki Luanda. Na huku kwetu ndivyo watu wanavyonunua: mke anasoma, mume analipa, au mtu anasoma ndani ya WhatsApp kisha anaenda kufungua programu ya duka. Huwezi kulizuia lote. Unaloweza ni kuandika chini ya makala, kwa lugha ya kawaida, "Kama anayenunua ni mtu mwingine, mtumie linki hii aifungue yeye." Sentensi hiyo moja iweke leo.

Pia soma masharti ya kila duka uone alama hudumu kwa muda gani. Amazon, ambao mpango wao wa kamisheni ulianza mwaka 1996, huhesabu saa 24 tu. Bidhaa ikiingia kwenye kikapu cha ununuzi ndani ya saa hizo ndipo inaweza kuhesabiwa hadi siku 90. Na niambie, nani Emuhaya anaagiza inkubeta Marekani akalipia meli na ushuru? Duka hilo liondoe kwenye makala za mashine. Tena usiegemee duka moja. Aprili 2020 Amazon hao hao walipunguza viwango vyao, samani zilizokuwa zikilipa asilimia 8 zikashuka hadi 3, na walioandika miaka mingi kuhusu samani pekee wakaamka na mshahara mwingine.

Nimekuwa nikifikiria sana mafundi wa jua kali. Kisumu wapo wanaotengeneza mashine za kuangulia kwa mbao na mabati, na wafugaji wengi wangependa kuziona kwa macho kabla ya kutoa pesa. Tafuta fundi mmoja ambaye kazi yake umeikagua, uliza wateja wake wa mwaka jana, kisha mkubaliane kwa maandishi: mteja akitaja neno fulani ulilompa, wewe unapata kiasi fulani kwa M-Pesa. Fanya hivyo na agrovet mmoja wa Luanda, mwenye duka la pembejeo na dawa za mifugo, kwa bruda (kifaa cha kuwapa vifaranga joto), vyombo vya maji na chakula cha vifaranga. Hakuna kidakuzi cha kupotea hapo, ingawa itabidi umwamini mwenye duka na yeye akuamini, kwa hiyo anza kidogo, mwezi mmoja, mpige hesabu pamoja Jumamosi.

Hesabu yenyewe uione mapema. Mashine ikiuzwa shilingi 12,000 na duka likitoa asilimia 5, wewe unapata 600. Ili upate 6,000 kwa mwezi unahitaji wanunuzi kumi, na hakuna mtu anayenunua mashine kila mwezi. Ndiyo maana makala ya mashine isisimame peke yake. Aliyeinunua leo, baada ya siku 21 ana vifaranga wanaohitaji joto, baada ya wiki moja anataka kujua chanjo, baada ya miezi miwili anatafuta vyombo vikubwa. Mwandikie kwa mfuatano huo, siku kwa siku, kama unavyopanga kazi ya muhula. Kila makala ikabidhi nyingine. Wewe umesomea kupanga somo lifuate somo. Wengi wanaoandika mtandaoni hawakusomea.

Zile 71 zitakuuma, lakini nyingi ziondoe. Google waliongeza neno "uzoefu" kwenye mwongozo wa wakaguzi wao wa ubora Desemba 2022, yaani wanataka kuona kama mwandishi amekitumia kitu anachokisema. Machi 2024 wakatangaza sera dhidi ya makala zinazozalishwa kwa wingi bila faida kwa msomaji, na kazi za watu zilizopitishwa kwenye mashine ya kutafsiri zimetajwa humo. Mbali na Google, zile ni jasho la wenzako. Bakiza zile ulizoandika kwa kichwa chako. Nadhani hazizidi kumi. Kumi zinatosha kuanzia.

Kiswahili usikiache. Ukihamia Kiingereza utashindana na dunia nzima kwa maneno ya dunia nzima. Kwa Kiswahili, mfugaji anayeandika kwenye simu yake "stima ikipotea mayai kwenye mashine" atakutana na watu wachache sana, na nataka mmoja wao awe wewe.

Juu kabisa ya kila makala yenye linki, kabla ya linki ya kwanza, mwambie msomaji kwamba akinunua kupitia hapo unapata kamisheni na bei yake haiongezeki. Kama bei inaongezeka, mwambie hivyo. Usiifiche chini kwa herufi ndogo. Mama wa kikapu angekuwa amejua, swali lake kwako lingekuwa lingine.

KRA, watoza kodi, nao: Sheria ya Fedha ya 2023 imetaja kamisheni za namna hii kwa jina katika mapato ya maudhui ya kidijitali, na anayekulipa hukata asilimia 5 ukiwa mkazi wa Kenya. Tunza rekodi ya kila kinachoingia uitaje kwenye ritani ya kodi kabla ya 30 Juni, hata kama ni hizo 1,860.

Mume wako hajakosea kuhusu tuisheni. Fanya tuisheni Jumamosi asubuhi, ikulipie bando na mayai ya majaribio, ili usilazimike kuuza kitu usichokijua kwa sababu mwezi umeisha. Kamisheni za maana hazitakuja mwezi huu wala ujao. Makala moja nzuri ya mashine itakuchukua wiki nne: siku 21 ndani, na wiki ya kuandika na kupanga picha.

Mkiweka mayai Jumatatu jioni, siku ya 18 itakuwa Ijumaa ya wiki ya tatu, na vifaranga watarajieni Jumatatu inayofuata. Ijumaa hiyo ongeza maji, funga kifuniko, andika saa. Ukishahesabu, niandikie idadi ya waliotoka na ya mafungu yote matatu.

Mama wa Kiamunyi, Nakuru